Mwanga wa Omena: Historia ya Nishati katika Ufuo wa Sindo

Historia ya nishati nchini Kenya kwa kawaida huandikwa kwa kufuata miradi mikubwa, kama vile mabwawa, bomba la mafuta, visima vya mvuke vya Olkaria na mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana. Ufuo wa Sindo, ulioko kusini mwa Mbita katika Kaunti ya Homa Bay, una historia ya namna nyingine, kwa sababu kwa zaidi ya nusu karne sehemu kubwa ya uchumi wake imetegemea nishati inayotumiwa juu ya maji usiku, taa kwa taa, ili kuwavuta samaki wadogo waitwao omena. Mafuta yaliyowasha taa hizo yalitoka ng'ambo, moshi wake ulipanda katika anga la dunia nzima, na gharama yake ilikatwa katika mapato ya kila usiku kabla mvuvi hajapata chochote. Kwa hiyo anayechunguza taa ya omena huchunguza kwa pamoja ongezeko la kaboni dioksaidi, mabadiliko ya tabianchi na uchumi wa nishati jadidifu, na hugundua jambo ambalo mijadala ya kitaifa na ya kimataifa hulipita haraka: kushuka kwa bei ya nishati safi hakutoshi kuiondoa nishati chafu mpaka namna ya kuilipia ilingane na namna watu wanavyopata na kugawana kipato chao.

Ufuo kabla ya mafuta

Sindo uko upande wa ziwa lililo wazi, nje ya Ghuba ya Winam, ukielekeana na kisiwa cha Mfangano. Upande wa bara kuna Bonde la Lambwe na vilima vya Gwasi, na kusini zaidi ufuo huo unaendelea kupitia Karungu na Sori hadi Muhuru Bay katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Katika enzi ya ukoloni eneo hilo lote lilikuwa wilaya moja iliyoitwa South Kavirondo, na baadaye South Nyanza, hadi Migori ilipotengwa mwaka 1992. Wakazi wake ni Wasuba, ambao mababu zao walivuka kutoka upande wa Uganda, wengi wao katika karne ya 18, pamoja na Waluo, ambao lugha yao ya Dholuo imeenea katika ufuo wote kiasi kwamba Kisuba chenyewe sasa kina wasemaji wachache.

Uvuvi wa zamani uliendeshwa na nishati ambazo leo zingeitwa jadidifu, yaani zile zinazojirudisha zenyewe kwa mzunguko wa maumbile bila kumaliza akiba ya ardhini. Mvuvi alitegemea nguvu za mikono yake kwenye kasia na, baada ya tanga kuenea ziwani, alitegemea pia upepo, ambao katika Ziwa Viktoria hufuata saa za mchana na usiku: usiku hewa iliyopoa ya nchi kavu huvuma kuelekea ziwani, na mchana hewa ya ziwa hurudi nchi kavu, hivyo chombo husukumwa kwenda na kurudishwa nyumbani. Samaki walikaushwa kwa jua au kwa moshi wa kuni. Kazi ya kukausha na kuuza ilikuwa, na bado ni, ya wanawake kwa sehemu kubwa, na ni haki kusema kwamba wao ndio watumiaji wa kwanza wa nishati ya jua kama mtaji wa biashara katika ufuo huo, muda mrefu kabla ya kioo chochote cha sola kufika.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na kupitia bandari hiyo uchumi wa ziwa uliunganishwa na Mombasa na masoko ya ng'ambo. Nyavu za kitani zilizoletwa kuanzia mwaka 1905 ziliongeza kwa kasi mavuno ya samaki aitwaye ngege, na uchunguzi wa Michael Graham wa mwaka 1927 na 1928, ambao ulikuwa wa kwanza wa kisayansi kuhusu uvuvi wa ziwa zima, ulitahadharisha kwamba matundu madogo ya nyavu yangemaliza samaki huyo. Njia hiyohiyo ya reli ndiyo iliyoleta mafuta ya taa, yakiwa katika madebe ya galoni nne ambayo, yakishamwagwa, yaligeuka vipimo vya nafaka, ndoo za maji na mabati ya kutengenezea koroboi, yaani taa ndogo ya utambi isiyo na kioo.

Kuja kwa karabai

Kwa muda mrefu omena alikuwa samaki wa kando tu. Jina lake la kisayansi ni Rastrineobola argentea, Watanzania humwita dagaa na Waganda humwita mukene, na urefu wake ni wa sentimita chache tu. Wavuvi waliotaka ngege au samaki wengine wakubwa hawakuwa na sababu ya kumhangaikia. Mabadiliko mawili yalimpandisha hadhi. La kwanza lilikuwa la kiteknolojia: kuanzia miaka ya 1960 uvuvi wa usiku kwa mwanga wa karabai ulienea katika ziwa, kwa mtindo uliofanana na ule wa Ziwa Tanganyika, ambako mioto ya kuni juu ya mitumbwi ilikuwa imetangulia kubadilishwa kwa taa. La pili lilikuwa la kiekolojia: mbuta, samaki mla samaki aliyepandikizwa ziwani kuanzia mwaka 1954, alizidi sana mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuangamiza mamia ya aina za samaki wadogo waitwao fulu, ambao baadhi yao walikuwa wakigombania chakula na omena. Omena, anayezaa upesi na kukua upesi, alistahimili na kuongezeka, na leo ndiye anayevuliwa zaidi kwa uzito katika ziwa zima.

Utendaji wa karabai unastahili kuelezwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimojificha hesabu yote ya kiuchumi. Taa hiyo ina tangi la mafuta linalotiwa hewa kwa pampu, na shinikizo husukuma mafuta hadi kwenye mrija wenye joto, ambako yanageuka mvuke na kuungua ndani ya kifuko cha kitambaa kilichotiwa madini yanayong'aa yakipata moto. Mwanga wake ni mkali mara nyingi kuliko wa koroboi, lakini hutumia takriban lita moja ya mafuta kwa usiku mzima, na zaidi ya hapo kama taa imechakaa au upepo ni mwingi. Wafanyakazi wa mtumbwi, ambao mara nyingi ni wanne, huweka taa kadhaa juu ya vyelezo, wakiziacha zielee mbalimbali katika giza. Vijidudu vya majini na wadudu warukao hukusanyika penye mwanga, omena huwafuata ili wale, na baada ya saa kadhaa taa huvutwa polepole hadi kwenye wavu wenye matundu madogo. Usiku wa mbalamwezi kazi hii hufifia, kwa kuwa mwezi hushindana na taa, na kwa hiyo kalenda ya mvuvi wa omena ni kalenda ya usiku wa giza, takriban wiki mbili hadi tatu katika kila mwezi.

Mafuta hayo yaliufunga ufuo wa Sindo kwenye mnyororo mrefu. Mafuta ghafi yalitoka hasa katika nchi za Ghuba, yakasafishwa Changamwe, Mombasa, katika kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1963, na baada ya mwaka 1978 yakapita kwenye bomba hadi Nairobi, kisha kuanzia mwaka 1994 hadi Kisumu, ambako malori yaliyachukua kuelekea kusini. Mitikisiko ya bei ya mwaka 1973 na 1979, iliyosababishwa na vita na siasa za Mashariki ya Kati, ilifika hadi kwenye kibuyu cha mafuta cha mvuvi ambaye hakuwa na sauti yoyote katika mambo hayo. Wakati huohuo, umeme wa maji ulikuwa ukizalishwa si mbali sana: mtambo wa Gogo kwenye mto Kuja, uliojengwa katika miaka ya 1950 na wenye uwezo wa megawati 2, ulikusudiwa kwanza kuuhudumia mgodi wa Macalder katika eneo ambalo sasa ni Migori. Katika miaka yake ya mwanzo nishati jadidifu ya eneo hilo ilikwenda kwenye shaba na dhahabu, ilhali vijiji vya wavuvi viliendelea kununua mafuta kwa chupa.

Hesabu ya hewa

Kaboni dioksaidi, inayoitwa pia hewa ya ukaa, ni gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hutokea kila kitu chenye kaboni kinapoungua. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote alionyesha kwa majaribio kwamba gesi hii ikiwekwa juani hupata joto zaidi kuliko hewa ya kawaida, na mwaka 1859 John Tyndall, aliyefanya kazi London, alianza kupima jinsi gesi mbalimbali zinavyozuia joto lisiloonekana kwa macho ambalo ardhi hulirudisha angani. Mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius alikokotoa kiasi ambacho joto la dunia lingepanda kama gesi hiyo ingeongezeka maradufu. Kilichokosekana kilikuwa kipimo cha kudumu cha hewa yenyewe, na kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1958 na Charles David Keeling katika mlima wa Mauna Loa huko Hawaii. Wakati huo hewa ilikuwa na sehemu karibu 315 za kaboni dioksaidi katika kila sehemu milioni moja, wakati kabla ya mapinduzi ya viwanda zilikuwa karibu 280. Mwaka 2024 wastani ulizidi 420.

Mchango wa ufuo wa Sindo katika ongezeko hilo unaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban kilo 2.5 za kaboni dioksaidi. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba mtumbwi mmoja una taa nne, kila taa ikitumia lita moja kwa usiku, na kwamba mtumbwi huo hutoka usiku 20 kwa mwezi katika miezi minane ya mwaka ambayo uvuvi wa omena unaruhusiwa, matumizi yatakuwa lita 640 na moshi wake utakuwa na tani 1.6 za gesi hiyo. Kiasi hicho ni karibu mara nne ya wastani wa Mkenya mmoja kwa mwaka kutokana na nishati za kisukuku, lakini kikigawanywa kwa wafanyakazi wanne wa mtumbwi humrudisha kila mmoja karibu na wastani huohuo, na chote kwa jumla hakifiki hata sehemu ya nane ya wastani wa Mmarekani mmoja. Hesabu hii haimtoi mvuvi katika tatizo la dunia, bali inaonyesha mahali pake halisi: ni mchangiaji mdogo sana katika chanzo, naye ni miongoni mwa watu walio karibu zaidi na matokeo.

Taa zenyewe hazilingani katika uchafuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliotumia pia vipimo vilivyochukuliwa katika nyumba za vijijini nchini Uganda, ulionyesha kwamba taa za utambi kama koroboi hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta kuwa masizi, yaani chembe nyeusi za kaboni, ambazo hufyonza joto la jua kwa nguvu ingawa hukaa hewani kwa siku chache tu, tofauti na kaboni dioksaidi ambayo sehemu yake hudumu kwa karne nyingi. Karabai, kwa kuwa huunguza mvuke kikamilifu zaidi, hutoa masizi machache kwa kila lita, lakini hutumia lita nyingi zaidi. Kwa hiyo nyumba ya mvuvi ilikuwa na uchafuzi wa aina mbili: masizi ya koroboi yaliyoingia mapafuni mwa mtoto aliyekuwa akisoma nyumbani, na kaboni dioksaidi ya karabai iliyotoka ziwani.

Ziwa linalobadilika

Ziwa Viktoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na Kenya inamiliki karibu asilimia 6 tu ya eneo hilo. Kina chake hakizidi sana mita 80, na sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Kwa sababu hiyo linaitikia hali ya hewa upesi kuliko maziwa yenye kina kirefu. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 zilipandisha maji kwa zaidi ya mita mbili kufikia mwaka 1964, na mwaka 2020, baada ya mvua zisizo za kawaida za mwaka uliotangulia, kipimo cha kiwango cha maji kilichoko Jinja, Uganda, kilifikia mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964. Katika fuo za Kenya nyumba, vyoo, vituo vya kupokelea samaki na mashamba vilifunikwa na maji. Mwaka 2024 rekodi hiyo nayo ilivukwa.

Itakuwa kosa kulitwika ongezeko la kaboni dioksaidi kila kupanda kwa maji, kwa kuwa mvua za 1961 zilikuja wakati gesi hiyo ilikuwa haijafikia hata sehemu 320, na kwa kuwa mabadiliko ya joto katika Bahari ya Hindi huleta miaka ya mafuriko na miaka ya ukame kwa mzunguko wa asili. Jambo ambalo sayansi inalisema kwa uhakika zaidi ni kwamba hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi zaidi, hivyo mvua kubwa zinapokuja huwa na nguvu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba dhoruba kali za usiku juu ya Ziwa Viktoria zitazidi kuwa za mara kwa mara kadiri dunia inavyopata joto. Chanzo cha dhoruba hizo ni upepo uleule wa nchi kavu uliomsaidia mvuvi wa zamani: hewa kutoka pande zote hukutana usiku juu ya maji yenye joto, hupanda, na kuzaa ngurumo. Mvuvi wa omena yuko hapo saa hizohizo.

Wanawake wanaoanika omena nao wanaguswa moja kwa moja. Omena waliotandazwa juu ya nyavu hukauka kwa siku moja jua likiwa kali, lakini mvua ikinyesha huoza, au huuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha kuku na mifugo badala ya chakula cha watu. Katika mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo huangukia ndani ya msimu wa uvuvi, hasara hiyo hurudi mara kwa mara. Nishati ya jua ambayo haikuwahi kuandikwa katika hesabu yoyote, kwa kuwa haikuwa na bei, huonekana thamani yake pale inapokosekana.

Jua lapata bei

Mwaka uleule wa 1958, Keeling alipoanza vipimo vyake, Marekani ilirusha satelaiti ya Vanguard 1, ambayo ilikuwa ya kwanza kutumia seli za jua, yaani vipande vya silikoni vinavyogeuza mwanga kuwa umeme. Seli hizo zilikuwa ghali kiasi kwamba nje ya safari za angani hazikuwa na maana ya kibiashara, na hata katika miaka ya 1970 wati moja iligharimu makumi ya dola. Kuanzia hapo kulitokea kile ambacho wachumi hukiita mkondo wa ujifunzaji: kila mara jumla ya seli zilizowahi kutengenezwa duniani ilipoongezeka maradufu, bei ilishuka kwa takriban asilimia 20, kwa sababu viwanda vilijifunza kupunguza upotevu na kuzalisha kwa wingi. Kufikia mwaka 2020 wati moja ilikuwa chini ya senti 30 za dola. Mafuta hayana tabia hiyo, kwa kuwa kila lita inayochomwa lazima ichimbwe upya, ilhali jua halinunuliwi na kinachonunuliwa ni kifaa cha kulikamata.

Mabadiliko mengine mawili yalikamilisha taa mpya ya mvuvi. Taa za LED zenye mwanga mweupe ziliwezekana baada ya Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kufaulu kutengeneza LED ya bluu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Taa hizo hutoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo, hivyo kioo kidogo cha sola kikawa kinatosha. Nazo betri za lithiamu zilishuka bei kwa karibu asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na mwanzo wa miaka ya 2020, kutokana na simu na baadaye magari ya umeme. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kilichobuniwa kwa ajili ya omena, lakini vilipokutana vilimpa mvuvi chombo ambacho kingeweza kushindana na karabai.

Ufuo wa Wasuba ulikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo ushindani huo ulijaribiwa. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Osram ya Ujerumani, pamoja na shirika la Global Nature Fund, ilifungua kituo cha nishati Mbita chini ya mpango ulioitwa Umeme kwa Wote. Mvuvi hakutakiwa kununua taa, bali aliweka amana, akachukua taa iliyochajiwa kwa jua na kuirudisha baada ya kuitumia, akilipa ada ndogo kwa kila chaji. Mtindo huo uliendelezwa baadaye na WE!Hub na kisha WeTu, ambazo zimeungwa mkono na wakfu wa Siemens Stiftung. Jirani yake, katika kisiwa cha Rusinga, mradi wa SolarMal ulioongozwa na taasisi ya ICIPE na washirika wa Uholanzi na Uswisi uliweka mitambo midogo ya sola katika nyumba za kisiwa kizima kati ya mwaka 2012 na 2015, ili kuendesha mitego ya mbu pamoja na taa za nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa karibu asilimia 30 katika nyumba zilizokuwa na mitego hiyo. Kisiwa hicho kilithibitisha kwamba faida za nishati safi si lazima zihesabiwe kwa mafuta yaliyookolewa peke yake.

Mgawanyo wa mapato na mgawanyo wa gharama

Ikiwa taa ya jua ilikuwa nafuu zaidi kwa muda mrefu, kwa nini karabai iliendelea kung'aa ziwani miaka mingi baada ya 2008? Jibu la kawaida, kwamba wavuvi ni maskini au wanashikilia mazoea, halitoshelezi. Jibu lililo karibu zaidi na ukweli linapatikana katika desturi ya kugawana mapato. Katika uvuvi wa omena mwenye mtumbwi hutoa chombo, wavu na taa, na wafanyakazi hutoa nguvu zao. Samaki wakishauzwa, gharama za usiku huo, hasa mafuta, hutolewa kwanza katika jumla, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wafanyakazi kwa kanuni inayojulikana katika ufuo husika.

Desturi hiyo ni ya haki kwa namna yake, kwa kuwa hatari ya usiku mbaya hubebwa na wote. Lakini inamaanisha kwamba mafuta hulipwa na wote, na taa hununuliwa na mmoja. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba taa za jua za mtumbwi mmoja zinagharimu Sh40,000 na zinaokoa mafuta ya Sh8,000 kwa mwezi, mtu anayehesabu kwa haraka atasema kwamba mtaji unarudi baada ya miezi mitano. Kumbe, mgawanyo ukiwa sawa kwa sawa, nusu ya akiba hiyo inakwenda kwa wafanyakazi, kwa hiyo mwenye mtumbwi anahitaji miezi kumi, muda unaozidi msimu mzima wa uvuvi, huku taa ikiweza kuibwa au kuzama. Wachumi wameueleza mgongano wa aina hii katika nyumba za kupanga, ambako mwenye nyumba hulipia vifaa na mpangaji hufaidika na bili ndogo ya umeme. Kukodi taa kuliutatua, kwa sababu ada ya chaji iliingia katika gharama za usiku mahali palepale pa mafuta, bila kubadilisha kanuni ya ugawaji.

Malipo ya kidogokidogo kwa simu yalifuata mantiki hiyohiyo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kufikia mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilikuwa ikiuza mitambo ya sola ya nyumbani kwa malipo ya awali na kiasi cha takriban Sh40 hadi Sh50 kwa siku, ambacho hakikutofautiana sana na kile ambacho familia ilitumia kwa mafuta ya koroboi. Nyumba ziliachana na mafuta kabla ya mitumbwi, na sababu moja ya wazi ni kwamba nyumbani anayelipa ndiye anayeokoa.

Mkono wa serikali

Sera ya kodi iliingia katika historia hii kwa mlango wa pembeni. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli kwa sababu yalihesabiwa kuwa nishati ya maskini, na tofauti hiyo ya bei iliwavutia wafanyabiashara wadanganyifu kuyachanganya na dizeli. Ili kukomesha udanganyifu huo, serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa lita mwaka 2018, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 8 iliyowekwa kwa bidhaa zote za mafuta, na bei ikavuka Sh100. Septemba 2023, kutokana na bei ya dunia, kodi na kushuka kwa thamani ya shilingi, ilivuka Sh200. Hatua ya mwaka 2018 haikuitwa kodi ya kaboni, lakini ilifanya kazi kama kodi hiyo: iliongeza gharama ya kuchoma, na kwa mtumbwi wenye kutumia lita 80 kwa mwezi gharama ya Sh16,000 kwa bei ya mwaka 2023 iligeuza hesabu kwa kiasi ambacho hotuba hazikuweza.

Hata hivyo kodi isiyoandamana na njia mbadala humwadhibu asiye na uwezo wa kuchagua. Upande wa sola sera iliyumba: Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya jua, na ile ya mwaka 2021 ikaurudisha. Kuyumba huko, katika miaka ambayo mafuta nayo yalikuwa yakipanda, kulimwacha mnunuzi mdogo bila uhakika, na uhakika ndio unaohitajika zaidi pale ambapo gharama yote hulipwa mwanzoni. Gridi ya taifa, ambayo sasa hupata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, ilisogea hadi katika miji ya ufuoni na kuwawezesha wavuvi wengine kuchaji betri zao huko. Hivyo taa inayochajiwa Sindo kwa umeme wa gridi nayo imekuwa, kwa sehemu kubwa, taa ya nishati jadidifu.

Deni jipya

Mabadiliko haya yamezaa matatizo yake, na uaminifu wa kihistoria unadai yatajwe. Wavuvi wengi hawakungoja taa za lithiamu za vituo, bali walifunga balbu za LED kwenye betri za asidi za pikipiki au magari, ambazo ni nafuu, lakini zina risasi, madini yenye sumu, na zikifa hakuna utaratibu imara wa kuzikusanya. Ziwa ambalo ndilo chanzo cha maji ya kunywa ya vijiji vingi halipaswi kuwa kaburi la betri hizo.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Bei ya mafuta ilikuwa breki ambayo hakuna aliyeikusudia: usiku ambao samaki walionekana haba, mwenye mtumbwi alisita kuchoma lita nne bure. Mwanga ukiwa karibu wa bure, kishawishi ni kuongeza taa na kutoka kila usiku. Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 kila mwaka, na kanuni za mwaka 2007 zilivipa vikundi vya usimamizi wa fuo, vinavyojulikana kwa kifupi cha BMU, wajibu wa kusimamia mavuno katika fuo zao. Utekelezaji wa sheria ya matundu ya nyavu na ya msimu uliofungwa sasa una kazi ambayo zamani ilifanywa kwa sehemu na bei ya mafuta. Nishati safi ikiharakisha kumaliza omena itakuwa imewanyang'anya watu wa Sindo kitu chenyewe ilichokuja kukiangazia.

Mafundisho ya historia hii, kwa hiyo, hayaishii katika sifa za taa mpya. Yanaonyesha kwamba bei ya seli za jua ilipangwa katika viwanda vya mbali, lakini uamuzi wa kuzitumia ulifanywa katika desturi ya ugawaji wa mapato kwenye mtumbwi, katika ada ya chaji inayolipika kwa usiku mmoja, na katika kodi ambayo mlipaji anaweza kuitabiri. Serikali za kaunti za Homa Bay na Migori, na wafadhili wanaofika kwenye fuo hizo, wana wajibu wa kuanza hapo: kufadhili ukodishaji badala ya kugawa vifaa, kuweka utaratibu wa kurudisha betri kabla ya kuuza nyingine, kuwapa BMU nguvu ya kusimamia idadi ya taa pamoja na matundu ya nyavu, na kuwajengea wanawake wanaokausha omena vyumba vya kukaushia kwa jua vinavyostahimili mvua. Jambo la mwisho ndilo ambalo hadi sasa limepata fedha na fikira kidogo zaidi, ingawa ndilo linalolinda kazi ya kwanza ambayo jua liliwahi kufanya katika ufuo wa Sindo, na ndilo linalowahusu watu ambao hawakuchoma mafuta ziwani lakini wanapoteza mali kila mvua inapobadilika.